Mtu wa Sentimita Tano

Ndugu msomaji, nianze na ugomvi wa nyumbani, maana bila ugomvi huo nisingeshika kalamu.

Juu ya meza yangu, chumbani kwangu Magomeni, pana kifaru. Si yule mnyama, ni kile cha vita. Ni Tiger, la Wajerumani wa vita vya pili vya dunia, la plastiki, kipimo cha 1:35. Maana yake, sentimita thelathini na tano za kifaru chenyewe zimekuwa sentimita moja hapa mezani. Aliniachia Mjapani mmoja niliyekuwa namfundisha Kiswahili. Siku anafunga mizigo kurudi kwao akanipa boksi zima, halijafunguliwa. "Utapoteza muda mwingi sana," aliniambia huku anacheka.

Kweli nikaupoteza. Miezi minne ya gundi, wembe, msasa na brashi ya nywele tatu. Nilikata vipande kutoka kwenye fremu zake kimoja kimoja, nikavisugua, nikavibandika. Nikapaka rangi ya mchanga, kisha juu yake rangi ya kutu, kisha nikachanganya vumbi la njiani na gundi ya maji nikapata matope ya kubandika kwenye minyororo. Washikaji wa kijiweni walikuja mmoja mmoja kukiona. "Duh, mwanangu, hiki kitu kinataka kuondoka!" Nikavimba kichwa, nisikudanganye.

Halafu akaja mjomba.

Mjomba wangu amevuka miaka sabini. Ile vita ya 1978 na 1979, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, yeye alikuwa dereva wa lori. Alifuata jeshi tangu Kyaka mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Kwenda alibeba maboksi ya risasi na magunia ya unga. Kurudi alibeba watu. Habari za kwenda huwa anazisimulia, tena kwa vichekesho. Habari za kurudi sikuwahi kuzisikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiki nini?"

"Kifaru, mjomba. Nimekiunda mwenyewe."

Akavaa miwani, akainama. Akakitazama mbele, akakitazama nyuma.

"Kutu hii umeipaka?"

"Nimeipaka."

"Na matope?"

"Na matope."

"Dereva yuko wapi?"

Sasa hapo, msomaji, nilikamatika. Ndani ya boksi mlikuwa na sanamu ya mtu wa kuchungulia juu ya kifaru. Mtu wa kawaida kwenye kipimo kile ana urefu wa sentimita tano tu, na uso wake haufiki punje ya mahindi. Nilijaribu kuupaka rangi mara tatu, ukatoka kama kinyago cha kutishia ndege. Nikamtupa kwenye droo.

"Uso ulinishinda, mjomba. Nikamwacha."

Mjomba akavua miwani, akaikunja polepole. "Kutu umeiweza, mtu akakushinda," akasema, akaenda kunywa chai.

Nikamfuata na maneno yasiyo ya adabu. Kwamba hii ni sanaa tu. Kwamba wazee wa siku hizi kila kitu wanakigeuza mahubiri. Akanijibu neno moja, "Sawa." Tukakaa wiki mbili bila kusemeshana, mimi na mtu aliyenilipia ada tangu darasa la kwanza.

Wiki mbili hizo ndizo zilizonifanya nijiulize: je, ni haki kuchukua vita, kitu kinachoua watu, ukakifanya pambo la mezani? Na kama si haki, mbona mikono yangu ilifurahi vile?

Kwanza tujue mambo haya yametoka wapi, maana mwenzetu akisikia mtu mzima anakusanya vijiaskari atadhani ni uchizi wa mtu mmoja. Hapana. Ni uchizi wa mamilioni, tena wa miaka mingi. Katika karne ya 18 mafundi wa mji wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wakimimina askari bapa wa bati, wembamba kama sarafu, wakawauza mbali na kwao. Mwaka 1893, kule London, kampuni ya William Britain ikaja na mbinu mpya. Unamimina risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu, unangoja igande pembeni tu, halafu unamwaga ile ya katikati ambayo bado ni majimaji. Anatoka askari mwenye uwazi tumboni, mwepesi, wa bei ndogo. Watoto wa Uingereza wakajaa majeshi chini ya vitanda.

Hebu sikia lugha yetu inavyotuchezea. Madini yale Kiswahili chake ni risasi. Na kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, nacho tunakiita risasi. Kwa hiyo Mswahili akitaja "askari wa risasi" hajui kama anamtaja aliyetengenezwa nayo au aliyeuawa nayo. Mwingereza ana maneno mawili hapo, hapati shida hiyo. Sisi tunayo, na nadhani ni shida nzuri kuwa nayo.

Baadaye ikaja plastiki. Mjini Shizuoka, Japani, kampuni ya Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikatoa kifaru cha Panther chenye mota ndani. Ukubwa wake ulipangwa ili mota na betri zipate kuingia tumboni. Walipopiga hesabu wakakuta wamefika karibu na 1:35, na kipimo hicho kikawa sheria kwa waundaji vifaru dunia nzima. Yaani yule mtu wa sentimita tano urefu wake umeamuliwa na betri! Sisemi kwa dharau. Naonyesha tu kwamba tangu mwanzo chombo ndicho kilichopimwa, na binadamu akafuata kipimo cha chombo.

Sasa tuje kwenye mashtaka. Nimeyapanga matatu, kama wafanyavyo mahakamani.

Shtaka la kwanza ndilo la kila mtu: kwamba michezo hii inafundisha watu kupenda vita. Shahidi wa upande wa mashtaka ni mzito, jina lake Winston Churchill. Ameandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake ya ujana kwamba alipokuwa mtoto alikuwa na askari wadogo karibu 1,500. Siku moja baba yake akaingia kuwakagua, akamtazama mtoto anavyolipanga jeshi lake, akamuuliza kama angependa kuwa mwanajeshi. Mtoto akasema ndiyo. Akapelekwa chuo cha kijeshi. Mwaka 1898 alikuwa Sudan, kwenye vita vya Omdurman, luteni kijana juu ya farasi.

Shahidi wa pili ni jeshi la Prussia. Mwanzoni mwa karne ya 19 baba na mwana waliokuwa wakiitwa von Reisswitz walibuni mchezo wa vita wa mezani, wenye ramani, vipande na dete. Wakubwa wa jeshi walipouona wakasema huu si mchezo tena, haya ni mafunzo, ukasambazwa kwa maofisa. Kwa hiyo usiniambie ni plastiki tu. Kuna meza ambazo vita vilianzia.

Lakini utetezi nao una mashahidi. H. G. Wells, mwandishi yule wa hadithi za mambo yajayo, mwaka 1903 aliandika hadithi yenye mashine kubwa za chuma zinazotambaa juu ya mahandaki. Vifaru vya kweli vilikuja kuingia vitani Septemba 1916, kule Somme, Ufaransa. Mtu huyu huyu mwaka 1913 alitoa kitabu cha kanuni za kuchezea vijiaskari sakafuni. Mwishoni akaeleza kwamba mtu akiucheza mchezo huo mara chache tu ataona vita vikubwa vya kweli vilivyo upumbavu. Kwake mchezo ulikuwa chanjo: tupigane zulia kwa zulia, watoto wetu wasife. Mwaka uliofuata, 1914, vita kuu ikaanza. Chanjo haikushika.

Halafu kuna Saki, mwandishi mwingine wa Uingereza, aliyeandika hadithi fupi ya mjomba anayewaletea wapwa zake midoli ya amani badala ya askari: sanamu za watu wa serikali za mitaa, za wenye fikra, vyombo vya usafi wa mji. Anawaacha nayo. Akirudi anakuta watoto wamekwisha ipaka wino mwekundu na vita vimepamba moto. Saki mwenyewe aliuawa Ufaransa mwaka 1916, akiwa askari.

Na sisi je? Nani alitununulia midoli ya vita? Hakuna. Tulikata mgomba tukatengeneza bunduki, ukipitisha mkono zile ndimi zinapiga pa-pa-pa! Tulifinyanga askari wa udongo, jua likawapasua kabla adui hajafika. Hakuna kiwanda kilichotufundisha. Kwa hiyo shtaka la kwanza naliona halijathibitishwa. Mwenye kuelekea vitani ataelekea hata kwa bua la mgomba, na mwenye kuchukia vita anaweza kuwa na kabati zima la vifaru.

Shtaka la pili ni zito zaidi: kwamba vita mezani inaoshwa. Hapa ndipo wakusanyaji wenyewe wanapogombana, na wanagombana kweli. Mkusanyaji wa kweli hataki kosa. Atakuambia gurudumu hili ni la mwaka 1943, si la 1944. Atakuambia kwamba Tiger ilikuwa na uzito wa tani 57 na watu watano ndani. Atakuambia lile lililoko makumbusho ya Bovington, Uingereza, lilitekwa Tunisia mwezi Aprili 1943, yaani hapa hapa Afrika. Rangi ataitafuta mpaka aipate. Kutu, mafuta yaliyovuja, rangi iliyobanduka pale kiatu cha askari kinapokanyaga kila siku, vyote atavionyesha. Ukimwambia anacheza, anakasirika. Anasema anahifadhi historia.

Mimi nasema ana haki, kwa nusu. Nilipokuwa naunda lile Tiger nilijifunza mambo ambayo darasani hayakunikaa. Niliona dereva anavyobanwa. Niliona tundu analochungulia lilivyo dogo, nikaelewa kwa nini mtu aliye ndani anaweza kumkanyaga mtu asimwone. Hilo hakuna kitabu kilichonieleza, vidole vyangu ndivyo vilivyonieleza.

Lakini tazama nusu nyingine. Matope yapo, damu hakuna. Chuma kimeungua, aliyeungua ndani hayupo. Ujerumani sheria inakataza kuonyesha hadharani msalaba wa Hitler, kwa hiyo picha za maboksi ya vifaa hivi zikiuzwa kule msalaba ule hufutwa au huzibwa. Wakusanyaji wengine hulalamika kwamba ni kuficha historia. Naelewa wanachotaka kusema. Ila najiuliza: mtu anayekasirika kwa sababu alama moja imekosekana kwenye bawa la ndege, mbona hakasiriki kwa kukosekana kwa watu waliokuwa chini ya ndege hiyo?

Nisiwaonee. Wapo waundaji wanaotengeneza mandhari kamili: nyumba iliyobomoka, majeruhi, mama na mtoto wanakimbia na kitanda juu ya mkokoteni. Zipo kazi za aina hiyo zinazokufanya unyamaze. Lakini hata hizo zinashindwa na kitu kimoja, nacho ni hesabu.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu hii. Turudi Omdurman, kule alikokuwa Churchill. Siku ile moja, tarehe 2 Septemba 1898, Wasudani waliouawa walizidi 10,000. Upande wa Waingereza na Wamisri waliuawa watu wapatao 50. Sasa wapunguze wote kwa kipimo cha 1:35. Mtu aliyelala ana urefu wa sentimita tano na upana wa sentimita moja na nusu. Walaze ubavu kwa ubavu bila nafasi. Wale wa upande wa Waingereza hawajazi ukurasa mmoja wa karatasi ya kuandikia. Wasudani wanataka mita za mraba saba na nusu. Chumba changu cha kupanga ni futi kumi kwa kumi. Ina maana wangejaa tangu mlangoni mpaka ukutani, nikabaki na pahali pa kuweka ndoo na jiko la mafuta, kitanda nikitoe nje.

Hakuna mkusanyaji duniani mwenye sakafu hiyo. Atanunua farasi ishirini wa kikosi cha Churchill, wazuri, wenye mikuki. Wale wengine ataweka kumi na wawili, wa kukimbiliwa. Hajadanganya katika kitufe hata kimoja cha sare. Amedanganya katika jumla. Hili ndilo lililonitisha: kwamba unaweza kuwa sahihi katika kila kipande na ukawa mwongo katika kitu kizima.

Shtaka la tatu linatuhusu zaidi sisi wa huku. Nani anapata kuwa sanamu?

Kampuni ile ya Britain ilitoa askari wa makoloni pia: Wazulu, Wahindi, na hata seti ya King's African Rifles. Ndiyo, babu zetu wa K.A.R. walipata kuwa midoli ya risasi, wenye tarbushi na bunduki, wakapangwa kwenye masanduku ya watoto wa Kizungu. Lakini vita ya 1914 mpaka 1918 katika Afrika Mashariki ilibebwa vichwani. Barabara hakuna, ng'ombe na punda wanakufa kwa mbung'o, basi binadamu ndiye akawa gari. Wachukuzi walikusanywa kwa malaki, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kariakoo yetu, pale tunapogombania daladala, jina lake linatokana na kikosi hicho, Carrier Corps, kwa matamshi yetu.

Nenda mjini leo ukaitazame Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake yanawakumbuka wachukuzi pamoja na askari. Lakini inua macho juu: yuko askari peke yake, na bunduki yake yenye singe. Nairobi walifanya tofauti kidogo. Kwenye mnara wao wa mwaka 1928 kuna watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Mtu mmoja wa shaba kati ya watatu. Wa risasi sijawahi kumwona hata kwenye picha, wala wa plastiki.

Kwa nini? Kwa sababu hapendezi. Hana sare, hana silaha, mzigo unamziba uso. Mkusanyaji anataka kitu cha kutazamwa, na mchukuzi aliishi maisha yake yote ya vita kama kitu cha kutumiwa. Hapa ndipo niliposikia tena sauti ya mjomba ikiniuliza, dereva yuko wapi?

Sasa utaniuliza, bwana wee, hili jarida ni la waandishi, vifaru vinatuhusu nini? Vinatuhusu sana, ngoja nikwambie.

Mwezi Juni mwaka 1826 mchungaji mmoja wa kijiji cha Haworth, Uingereza, alirudi kutoka Leeds na zawadi ya mtoto wake wa kiume: boksi la askari kumi na wawili wa mbao. Asubuhi dada zake wakarukia, kila mmoja akachukua wake, akampa jina. Dada mkubwa aliyekuwa na miaka kumi aliitwa Charlotte. Wengine walikuwa Emily na Anne, na mwenye zawadi ni Branwell. Ndiyo hao hao akina Brontë. Askari wale kumi na wawili wakawa watu wa hadithi, hadithi zikawa nchi, nchi ikawa na magazeti. Watoto wale walishona vitabu vidogo kuliko boksi la kiberiti, wakaviandika kwa herufi za kutafutia miwani, ili viwatoshe askari kuvisoma. Kimojawapo kilikuwa jarida la vijana, kama hili letu! Mwaka 2019 nakala moja ilinunuliwa mnadani Paris kwa euro 600,000 ili irudishwe Haworth. Na mwaka 1847 Charlotte akatoa "Jane Eyre", Emily akatoa "Wuthering Heights". Chimbuko ni boksi la midoli.

Habari tamu hiyo, na ni ya kweli. Lakini unajua nchi ile ya kubuni waliiweka wapi? Afrika ya Magharibi. Wale kumi na wawili wanafika pwani, wanakuta Waashanti, wanapigana nao, wanajenga mji wao wa vioo. Watoto wa miaka sita mpaka kumi, kwenye baridi ya Yorkshire, wameshatutoa njiani ili hadithi ipate kiwanja. Siwalaumu kama watoto. Nasema tu kwamba mchezo ule ule uliowafundisha kuona kidogo kwa makini uliwafundisha pia nani asionekane. Vyote viwili kwa pamoja, asubuhi moja.

Na mimi nilikuwa nafanya vile vile. Wakati naunda kifaru nilikuwa pia naandika hadithi ya vita vya Kagera. Niliisoma kijiweni, wakapiga makofi. Mlikuwamo aina za bunduki, mlikuwamo uzito wa kifaru, mlikuwamo jina la kila daraja. Nilikuwa nimetafiti, bwana! Baada ya zile wiki mbili za kununiana nilimwendea mjomba, nikamwomba radhi, na ili kutengeneza mambo nikamsomea hadithi hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali ambalo nililitarajia, nikawa bado sina jibu lake.

"Huyu dereva wako wa kifaru, jina lake nani?"

Hakuwa na jina. Nilimwandika "dereva" toka mwanzo mpaka mwisho.

Kisha, bila mimi kumwomba, mjomba akanisimulia safari moja ya kurudi. Moja tu. Katika lori alikuwamo kijana aliyekuwa akimuuliza tangu kuondoka mpaka kufika: "Kiatu changu kimoja kiko wapi?" Mjomba alimjibu kila mara kwamba kiko mbele, kitaletwa. Alimjibu hivyo njia nzima. Akanitajia jina la yule kijana na kijiji alichotoka. Sitaliandika hapa, ana ndugu. Lakini zaidi ya miaka arobaini mjomba amelibeba jina hilo, na mimi nilikuwa nimebeba tani 57.

Basi hukumu yangu ni hii, nawe unaweza kuikataa. Kuunda vita kwa plastiki si dhambi, kama ambavyo kuandika vita kwa wino si dhambi. Subira ya mtu anayesugua kipande cha milimita tatu usiku kucha ni subira njema, na sisi tunaoandika kurasa mbili kisha tunakimbilia kuchapishwa tungeikopa. Kosa linaanza pale usahihi wa chombo unapochukua nafasi ya mtu, tukaridhika, tukajiita wakweli. Mwenye vifaru arobaini anayejua nani alikufa ndani ya kila kimoja na nani alikufa mbele yake, simuoni na hatia. Mwenye kifaru kimoja asiyejiuliza, huyo ndiye mimi wa mwaka jana.

Kuna atakayesema: basi tusiunde kabisa, tuache wafu wapumzike. Nimelifikiria hilo pia. Lakini mjomba hakuniambia nikivunje. Aliuliza dereva yuko wapi. Mtu anayeuliza hivyo anataka dereva awekwe.

Kwa hiyo nilifungua droo, nikamtoa yule wa sentimita tano, nikampaka upya. Mara ya saba uso ukakubali kidogo. Amechungulia juu ya kifaru, macho hayalingani, lakini ukimwona unajua ni mtu na kwamba amechoka.

Halafu nikajaribu jambo jingine. Nikachukua masalia ya plastiki, zile fremu tunazotupa, nikaziyeyusha kwa mshumaa, nikamchonga mchukuzi. Mzigo kichwani, kitambaa kiunoni, miguu mitupu. Ametoka mbaya, nakiri. Nikamweka mezani mbali na kifaru, kwa kuwa si wa vita moja.

Mjomba alipokuja Idi nikamwonyesha. Akavaa miwani, akainama kama siku ile. Akamtazama mchukuzi muda mrefu kuliko alivyokitazama kifaru.

"Mzigo umemweka mbele mno," akasema. "Shingo itamvunjika. Mtu akibeba hivi hafiki."

Nikachukua wembe, nikaubandua mzigo, nikaanza tena. Yeye akavuta kiti, akakaa kunielekeza.